Zimwi Lilitoka Wapi?

Haya jamani, leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo nazungumzia hadithi ya mchawi, malkia na msitu uliolaaniwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Usifunge ukurasa, maana tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujaagana.

Juzi jioni nilikuwa ndani ya matatu, foleni imesimama kama kawaida ya jioni, nami nimefungua kitabu. Mwenzangu wa kazini aliyekaa kando yangu akachungulia, akaomba kukiona, akasoma maelezo ya nyuma, kisha akanigeukia. "Ndugu yangu, mtu mzima kama wewe unasoma hadithi ya mchawi na mnara? Hii si ya watoto?" Abiria wa kiti cha mbele akacheka. Nami nikacheka, nikarudisha kitabu mkobani, nikajifanya natazama nje.

Lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nimelifikiria tangu siku hiyo, na jibu langu ni hili: hadithi ya watoto humalizika zimwi likifa. Hadithi ya watu wazima huuliza zimwi lilitoka wapi. Na mtu yeyote anayepata riziki kwa kutengeneza vitu vilivyoharibika, kama mimi na programu zangu, analihitaji swali hilo la pili kuliko anavyodhani.

Kwanza tuondoe hili la utoto. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipochapisha mkusanyo wao wa kwanza wa ngano mwaka 1812, walikuwa wasomi wanaohifadhi masimulizi ya watu wao. Kitabu kilijaa maelezo ya kitaalamu ambayo mtoto hana haja nayo. Katika toleo lile la kwanza, anayetaka Theluji Nyeupe auawe ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 likambadilisha mama huyo kuwa mama wa kambo, ili isionekane kwamba mzazi anaweza kufanya jambo kama hilo. Ngano zilipunguzwa makali zikiwa njiani kuelekea kwa watoto. J. R. R. Tolkien naye, katika mhadhara alioutoa Scotland mwaka 1939, alitetea hoja kwamba hakuna sababu ya kuzifungia hadithi hizi katika chumba cha watoto.

Na sisi je? Sisi tuna Shaaban Robert. Kitabu chake Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, kina majini, kina ndugu wawili wenye wivu waliogeuzwa manyani, na kina mtu mwema anayelazimika kuwapiga ndugu zake hao kila usiku huku moyo unamuuma. Hiyo ni hadithi ya watoto? Tuliisoma shuleni, tukajibu maswali ya mtihani, tukaiacha hapo. Kusadikika, nchi inayoelea angani, tuliifanyia hivyo hivyo. Tumekuwa na hadithi za ajabu kwa watu wazima miaka mingi, ila tumekubali kwamba ukishamaliza shule unasoma magazeti na vitabu vya kufanikiwa maishani.

Sasa kitabu chenyewe. Kinaitwa Uprooted, na mwandishi wake ni Mmarekani, Naomi Novik. Jina hilo maana yake ni kung'olewa pamoja na mizizi. Kilitoka mwaka 2015, kina kurasa zaidi ya 400, na mwaka 2016 kilipata tuzo ya Nebula, ambayo hupigiwa kura na waandishi wenyewe wa riwaya za kisayansi na za ajabu.

Nilivutwa na kazi ya mwandishi kabla ya kuvutwa na hadithi. Novik alisomea sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akashiriki kutengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Neverwinter Nights: Shadows of Undrentide uliotoka mwaka 2003, ndipo akageukia riwaya. Hata alipokuwa mwandishi mashuhuri hakuiacha kazi ya mikono. Ni mmoja wa waanzilishi wa Archive of Our Own, maktaba kubwa ya mtandaoni ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki, na aliandika sehemu ya programu inayoiendesha. Programu hiyo ni huria, unaweza kuifungua ukaisoma. Mwaka 2019 maktaba hiyo ilipata tuzo ya Hugo. Kwa hiyo nilipofungua ukurasa wa kwanza nilikuwa natafuta alama za nyayo za mwenzangu, na nilizipata.

Hadithi inaanzia katika bonde moja la nchi ya kubuni iitwayo Polnya, ambayo imeshonwa kwa ngano za Poland. Kuna mchawi anayeishi peke yake mnarani, na watu humwita Joka, ingawa ni mwanamume kama wanaume wengine, ila haonekani kuzeeka. Kila baada ya miaka 10 huchagua msichana mmoja wa umri wa miaka 17 katika vijiji vya bonde, akaenda naye. Miaka 10 ikiisha humwachilia akiwa na fedha na mavazi mazuri. Hamli, hamfanyi mke. Lakini wasichana hao hawabaki tena kijijini. Wanarudi, wanasalimia, wanaondoka.

Mbona wanavijiji wanakubali? Kwa sababu ukingoni mwa bonde kuna Mwitu. Mwitu huu una akili na una chuki. Anayeingia hatoki, na akitoka si yeye tena. Chavua yake ikipeperushwa na upepo watu na mifugo huambukizwa. Vijiji vimemezwa, barabara zimepotea chini ya mizizi. Joka ndiye anayeuzuia. Binti mmoja kila miaka 10 ndiyo bei ya ulinzi.

Waswahili walikwishasema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii nimeijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuisikiliza hadi niliposoma kurasa zile za mwanzo. Sikiliza vizuri: haisemi kwamba zimwi halikuli. Inasema halikumalizi. Watu wa bonde lile wamekaa na hesabu hiyo vizazi na vizazi, na hata wazazi wanaompenda binti yao wamezoea kumtazama kama mtu anayeweza kuchukuliwa. Mtoto akisikia hadithi hii atauliza mbona wasimfukuze mchawi. Mtu mzima hukaa kimya kidogo, kwa sababu anakumbuka mazimwi anayoyalipia yeye mwenyewe kila mwisho wa mwezi.

Kila mtu kijijini anajua atakayechaguliwa mara hii ni Kasia, msichana mzuri, jasiri na mpole. Joka anamchukua rafiki yake, Agnieszka, ambaye hata avalishwe nguo mpya asubuhi, kabla ya adhuhuri zimechanika na zina tope. Kumbe Agnieszka ana uchawi ndani yake, na sheria ya mfalme inataka mtu wa namna hiyo afunzwe.

Hapa ndipo nilipoanza kucheka peke yangu. Joka ni mwanaprogramu wa aina ninayoijua sana. Maktaba yake imepangwa, dawa zake zina lebo, na kila neno la uchawi hulitamka kwa usahihi, silabi baada ya silabi. Ukikosea herufi moja hakuna kitu. Agnieszka anajaribu kwa njia hiyo na kila mara anachoka kama aliyebeba gunia la mahindi kupanda mlima. Kisha anakuta rafuni kijitabu chakavu cha mchawi wa kale aitwaye Jaga, kitabu ambacho Joka anakidharau kwa sababu kina maelezo nusu nusu tu. Mikononi mwa Agnieszka kinafanya kazi. Anaimba badala ya kutamka, anaongeza hapa, anapunguza pale, kama mtu anayechuma mboga za porini na hajui ataikuta ipi wapi, lakini anajua mahali pa kutazama.

Jaga huyo ni Baba Jaga wa ngano za Waslavi, na nawaomba Waswahili wenzangu wasichanganyikiwe: katika lugha zile "baba" ni ajuza, bibi kizee! Ngano zinasema huruka angani akiwa amekaa ndani ya kinu, akipiga kasia kwa mchi. Nyanya zetu wangemkubali mara moja, ila wangemwuliza ni nani atakayetwanga mahindi.

Joka anakasirika sana kwa sababu matokeo yanaonekana na hawezi kuyaeleza. Wangapi kati yetu tumewahi kumwona fundi asiye na cheti akitengeneza redio au simu kwa namna ambayo haimo kitabuni, tukasema haiwezekani, huku redio inaimba? Uzuri wa riwaya hii ni kwamba haimdhalilishi Joka. Nguvu kubwa zaidi kitabuni inapatikana pale wote wawili wanaposhika uzi mmoja, yeye na usahihi wake, Agnieszka na mkono wake unaopapasa njia.

Kuanzia hapa nitafichua mambo ya ndani. Kama unataka kukisoma kitabu bila kujua mwisho wake, ruka aya kadhaa.

Katika ngano nyingi za kwetu kuna zimwi lililomeza kijiji kizima. Kijana aliyebaki analipasua, na watu wanatoka pamoja na ng'ombe na kuku wao, wazima kabisa, ngoma inapigwa. Katika Uprooted Kasia anatekwa na Mwitu na kufungiwa ndani ya shina la mti. Agnieszka anamfuata na kumtoa. Lakini hatoki kama alivyoingia. Baada ya kutakaswa, mwili wake umekuwa mgumu kama mti, watu wanamwogopa, na urafiki wao umeona mambo ambayo marafiki kwa kawaida hufichana: Agnieszka alimwonea wivu, na Kasia alimchukia kwa muda kwa kuwa huru. Ndiyo maana nasema hadithi hii ni ya watu wazima. Vita vimo, mauaji yamo, hata kitanda kimo, lakini vitu hivyo unavipata popote. Utu uzima wake ni kwamba aliyeokolewa anatoka na kovu, na anayeokoa anatoka na deni.

Kisha kuna Malkia Hanna, aliyepotelea Mwituni miaka 20. Mwanawe, mwana mfalme Marek, anadai atolewe, na askari wengi wanakufa kwa ajili hiyo. Anatolewa. Wachawi na makasisi wanampima kwa kila njia waijuayo, hawaoni doa. Anapita majaribio yote! Kumbe mle ndani hakuna Hanna tena, aliyerudi ikulu ni adui mwenyewe, na damu inamwagika hadi kwenye kiti cha enzi. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji. Kila mwanaprogramu amewahi kuona programu iliyopita majaribio yote Ijumaa jioni, na anajua Jumatatu ilivyokuwa.

Watu wa Polnya wamepigana na Mwitu kwa moto na shoka miaka yote. Wanachoma, unaota. Wanakata, unasogea. Hakuna anayeuliza kwa nini msitu uwachukie wanadamu kiasi hicho. Ni msitu tu, umelaaniwa, basi. Anayefika kwenye mzizi wa fitina ni Agnieszka, na anachokikuta hakimpendezi. Zamani, bonde lile lilikuwa na watu wengine, watu wa mwituni, walioweza kugeuka miti. Wanadamu walipofika, malkia wa watu hao aliolewa na mfalme wao ili pawe na amani. Mfalme alipokufa, watu wake walimwogopa mjane, wakamfungia kaburini akiwa hai. Alipotoka alikuta ndugu zake, waliokwisha kugeuka miti, wamekatwa kwa shoka. Chuki ya Mwitu ni yake.

Na kaburi hilo liko wapi? Chini ya mnara wa Joka. Miaka yote ile alipokuwa juu na vitabu vyake akiulinda ulimwengu dhidi ya Mwitu, sababu ya Mwitu ilikuwa chini ya sakafu yake.

Hapo lazima nisimulie habari yangu, maana bila hiyo sitakuwa nimesema ukweli kuhusu kwa nini kitabu hiki kilinishika.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa programu ya chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Programu ilirekodi maziwa ya kila mwanachama na kupiga hesabu ya malipo ya mwezi. Aliyeiandika alikuwa ameondoka zamani, na hakuacha maelezo yoyote. Nilikuwa kijana, nimejaa usahihi kama Joka. Nilipita mstari kwa mstari nikifuta uchafu na kujisifu.

Nikafika mahali palipokuwa na jambo la ajabu. Wanachama 61, wote wa kituo kimoja, maziwa yao yalikuwa yanazidishwa kwa 1.03 kabla ya kulipwa. Wengine wote, hakuna. Aliyeleta 300 alilipwa 309. Hakuna neno hata moja la kueleza sababu. Nikajiambia, aha, nimekamata mwizi! Bila shaka yule bwana alikuwa na jamaa zake kituo kile. Nikafuta mstari. Nikaandika barua pepe kwa msimamizi, ndefu, yenye majivuno, nikieleza jinsi nilivyookoa pesa za chama.

Mwisho wa mwezi simu ya ofisi haikunyamaza. Siku ya pili alikuja mama mmoja wa makamo ya nyanya yangu, amepanda magari mawili kufika mjini, ameshika karatasi ya malipo. Alinisalimia, akakaa, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho ulichokiondoa, ulimwuliza nani?"

Nikasema, "Samahani mama, sikumwuliza mtu."

"Huko kwetu hakuna mizani," akasema. "Iliharibika, hawakuleta nyingine. Sisi twapima kwa mkebe wa lita."

Ndugu msomaji, lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03. Vituo vingine vyote vilipima kwa kilo, na chama kililipa kwa kilo. Yule mwanaprogramu niliyemwita mwizi alikuwa amefunga safari hadi kituoni, akaona mkebe, akarudi akaweka haki ndani ya mstari mmoja. Mimi sikuinuka kitini. Na lililoniuma zaidi ni kwamba nilipofungua orodha ya vituo ndani ya hifadhidata ile ile, mbele ya kituo hicho palikuwa pameandikwa kipimo: lita. Jibu lilikuwa chini ya sakafu yangu.

Walilipwa fidia mwezi uliofuata. Lakini kwa mtu anayelipa karo kwa maziwa, mwezi mmoja si kitu kidogo, na kuna barua pepe moja iliyomwita mtu mwizi ambayo siwezi kuifuta.

Kwa hiyo nilipofika kwenye kaburi chini ya mnara, sikuwa nasoma habari za Poland wala za uchawi. Nilikuwa nimekaa mbele ya yule mama.

Najua kuna atakayesema: tahadhari, ndugu, ukianza kulihurumia kila zimwi litakula watoto wako. Ni hoja nzito na sitaki kuiruka. Mwitu unaua watu wasio na hatia, watu ambao hawakumfungia mtu kaburini. Na kitabu chenyewe hakidai moto ni haramu. Mapema kabisa ng'ombe walioambukizwa wanachomwa kabla hawajaambukiza kijiji, na ni sawa wachomwe. Hata katika kazi zetu, seva ikivamiwa usiku, kwanza zima, tenganisha, zuia. Huendi kuuliza historia huku nyumba inaungua. Lakini baada ya moto? Polnya walichoma kwa vizazi wakasahau kwamba kuchoma kulikuwa njia ya kununua muda. Kujua chanzo hakumfanyi mkosaji asiwe mkosaji. Kunakuonyesha tu mahali pa kuchimba. Mwishoni Agnieszka hamshindi malkia yule kwa upanga. Anamsaidia kupumzika, kisha anabaki pale Mwituni akishughulikia mti mmoja baada ya mwingine, kazi ya kuchosha isiyopigiwa ngoma. Hakuna harusi ya kifalme, hakuna waliishi raha mustarehe. Kuna kazi.

Sitasema kitabu hiki hakina kasoro. Sehemu ya katikati, Agnieszka anapokwenda mji mkuu, inakwama kama foleni yetu ya jioni, na baadhi ya wachawi wa ikulu niliwasahau majina kabla sijafunga sura. Pia sikupendezwa na mapenzi kati ya Agnieszka na Joka. Yeye ana zaidi ya miaka 100, ni bwana wa mnara, anamtukana msichana wa miaka 17 tangu siku ya kwanza, nasi tunatarajiwa tuone hayo ni moto wa mapenzi. Nina dada. Sikuweza. Kwangu mimi, mapenzi ya kweli ya kitabu hiki ni ya Agnieszka na Kasia, marafiki wawili waliotolewa ndani ya mti pamoja na siri zao zote.

Hata hivyo nakisifu, na nawasihi wenzangu wa fani hii wakitafute, au kama hawakipati warudi kwa Shaaban Robert bila mtihani mbele yao. Sisi tunasoma sana. Tunasoma miongozo, maelezo ya lugha mpya za programu, majibu ya watu mtandaoni saa nane usiku. Maandishi hayo yote yanafundisha namna ya kufanya. Ni machache sana yanayotulazimisha kukaa kurasa 400 tukimchukia adui, kisha kurasa chache za mwisho zikatuonyesha kwamba adui alikuwa na sababu, na kwamba mababu wa wema ndio walioishika shoka. Zoezi hilo halimo katika mwongozo wowote. Utoto una haki ya kuamini zimwi huzaliwa zimwi. Sisi wengine tumeshaishi vya kutosha kujua kwamba mara nyingi kuna mtu alilitengeneza, tena kwa nia njema au kwa woga, na huenda jina lake liko kwenye orodha ya waliojenga mnara tunaokaa.

Mwenzangu wa matatu nimempa kitabu jana. Amesema atakisoma nyumbani, mlango umefungwa. Sawa, hata mimi nilianza hivyo.

Na kama kuna siku utapewa ile programu ya maziwa uisafishe, maana mimi nami nilishaondoka, utakuta mstari wa 1.03 umerudi mahali pake. Juu yake nimeandika: Kituo hiki hupima kwa lita. Kabla hujafuta, nenda ukaulize.